Seneta Mara Mbili: Wakili Obama na Miaka Yake Minane ya Springfield

Barack Obama amekuwa seneta mara mbili, na habari zetu za Kiswahili zimezoea kuziandika hizo mara mbili kama vile ni moja. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikaa katika Seneti ya Illinois, ile inayokutana mjini Springfield na kutunga sheria za jimbo hilo peke yake. Kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008 alikaa katika Seneti ya Marekani, Washington, akiiwakilisha Illinois hiyohiyo. Ukimwita "Seneta wa Illinois" bado hujasema ni kazi ipi.

Neno "jimbo" nalo lina utata wake. Mtu wa Dodoma au wa Machakos akisikia jimbo, akili yake inakwenda kwa mbunge: eneo lenye wapiga kura wanaompeleka mtu mmoja bungeni. Jimbo la Marekani ni kubwa kuliko hapo. Illinois ina katiba yake, gavana wake, mahakama yake ya juu, kodi yake ya mapato na sheria zake za makosa ya jinai. Kaunti ya Kenya ina gavana na bunge pia, ila haina mahakama yake ya kusikiliza kesi ya mauaji. Illinois inazo, na hadi mwaka 2011 mahakama hizo ziliweza kumhukumu mtu kifo. Polisi wa Chicago anapokusimamisha barabarani au anapokukalisha kwenye chumba cha mahojiano, sheria nyingi zinazomwongoza zinatoka Springfield. Basi humu nitasema "jimbo" nikimaanisha Illinois, na "eneo la uchaguzi" nikimaanisha kile ambacho huku kwetu tunakiita jimbo.

Nimeanza na maneno kwa sababu kuyachanganya kumetufanya turuke sehemu nzima ya maisha ya mtu huyu. Tunamjua Obama wa hotuba ya Boston ya Julai 2004. Tunamjua Obama wa Novemba 2008, Kenya ilipotangaza siku ya mapumziko kwa furaha ya ushindi wake. Obama wa Springfield ni mwanasheria anayesoma vifungu, na ukitaka kuelewa wakili anageukaje mwanasiasa, na anabeba nini kutoka mahakamani, huyo ndiye wa kumtazama. Alibeba mengi, na mengine yanamtia mtu mashaka.

Wakili wa kura

Alifika Chicago mwaka 1985, kijana wa miaka 23, kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa ya kusini ambayo viwanda vyake vya chuma vilikuwa vinafungwa. Meya wa jiji wakati huo alikuwa Harold Washington, Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, aliyechaguliwa mwaka 1983. Njia ya Washington inafaa kukumbukwa: alikuwa wakili, akaingia Baraza la Wawakilishi la Illinois, kisha Seneti ya Illinois, kisha bunge la taifa, ndipo akawa meya. Alifia madarakani Novemba 1987. Mwaka uliofuata Obama akaenda Harvard kusomea sheria.

Alimaliza mwaka 1991 akiwa ameshapata jina, kwa kuwa Mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la chuo hicho. Kampuni kubwa zenye mishahara minono zingempokea siku hiyohiyo. Yeye akarudi Chicago, na mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura iliyolenga watu 150,000, wengi wao Weusi wasiokuwamo kwenye daftari. Mwaka 1993 akajiunga na ofisi ndogo ya mawakili ya Davis, Miner, Barnhill na Galland. Huyo Judson Miner ndiye aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jiji chini ya Harold Washington. Kwa mtu anayeijua Chicago, kuchagua ofisi hiyo kulikuwa tayari ni tamko la kisiasa.

Kesi alizoshughulikia zilikuwa za aina chache, naye hakuwa mtu wa kusimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama kila wiki. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuchambua nyaraka na kuandika hoja. Mbili ndizo zinazotuhusu. Ya kwanza ilitokana na sheria ya taifa ya mwaka 1993 iliyotaka mtu aweze kujiandikisha kupiga kura anapochukua leseni ya udereva. Gavana Jim Edgar wa Illinois aligoma kuitekeleza. Obama alikuwa miongoni mwa mawakili walioishitaki serikali ya jimbo, na mwaka 1995 mahakama ikaiamuru itii. Ya pili ilihusu mipaka ya kata za Chicago, na madai kwamba ilichorwa kwa namna inayopunguza nguvu ya kura za Weusi. Wakati huohuo alikuwa anafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, kazi aliyoifanya kuanzia 1992 hadi 2004, na moja ya masomo yake lilikuwa haki ya kupiga kura.

Kwa hiyo kabla hajagombea chochote, alikuwa fundi wa mambo mawili: nani yumo kwenye daftari, na mstari wa mpaka unapita wapi. Yashike hayo mawili, maana yatarudi.

Saini 757

Mwaka 1995 seneta wa eneo la 13 katika Seneti ya Illinois, Mama Alice Palmer, aliamua kugombea ubunge wa taifa. Kiti chake kikawa wazi, na Obama akatangaza kukitaka, tena kwa baraka za Palmer mwenyewe. Novemba mwaka huo Palmer akashindwa na Jesse Jackson Mdogo. Wafuasi wake wakamsihi arudi kutetea kiti chake cha zamani. Obama akaombwa ajitoe, akakataa.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kugombea kiti kile kulihitaji saini 757 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo la uchaguzi. Tanzania tungesema wadhamini. Palmer alikusanya saini zipatazo 1,580 ndani ya majuma machache, mara mbili ya zilizotakiwa. Tarehe 2 Januari 1996, watu wa Obama wakaenda Tume ya Uchaguzi ya Chicago, wakakaa na fomu za wapinzani wote, wakaanza kulinganisha jina moja baada ya jingine na daftari.

Huyu ameandika jina lake kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini: toa. Huyu anwani yake iko mtaa wa pili kuvuka mpaka: toa. Huyu hayumo kwenye daftari, labda kwa sababu daftari lilikuwa limetoka kusafishwa na majina mengi kufutwa: toa. Walipofika mwisho, fomu za Palmer hazikuwa na saini halali za kutosha. Alijiondoa. Wagombea wengine watatu wakaanguka kwa pingamizi za namna hiyohiyo, na Obama akaingia kwenye kura za mchujo za Machi 1996 akiwa peke yake.

Sisi maneno ya kulielezea jambo hili tunayo, na tunajua uzito wake: aliwawekea pingamizi wenzake, akapita bila kupingwa. Katika eneo lililojaa wafuasi wa Democratic, anayeshinda mchujo ameshinda kiti.

Je, alivunja sheria? Hapana. Pingamizi za saini ni desturi kongwe ya siasa za Chicago, na yeye alisema baadaye kwamba walifuata kanuni zilizokuwapo. Lakini mimi siwezi kuipita sehemu hii kimyakimya. Mtu aliyetumia mwaka 1992 kuwaingiza watu kwenye daftari, na mwaka 1995 kuilazimisha serikali ifungue milango ya kujiandikisha, mwaka 1996 alitumia daftari hilohilo kuwanyima wakazi wa mitaa ya kusini nafasi ya kuchagua. Kila saini iliyofutwa ilikuwa ya mtu aliyemfungulia mlango mgeni mwenye kalamu, akakubali. Wakili anajua kwamba kanuni ndogo ya utaratibu inaweza kumaliza kesi kabla haijasikilizwa. Obama alilijua hilo vizuri, na alilitumia.

Kitufe cha "nipo"

Springfield iko kama kilomita 320 kusini-magharibi mwa Chicago, katikati ya mashamba ya mahindi. Abraham Lincoln aliishi na kufanya uwakili hapo, naye alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo hilo kati ya 1834 na 1842. Seneti ina wajumbe 59, Baraza la Wawakilishi 118. Vikao vingi hufanyika kati ya Januari na mwisho wa Mei, hivyo wajumbe wengi wana kazi nyingine. Obama aliendelea kufundisha na kubaki na uhusiano na ofisi yake ya uwakili. Jioni za Jumatano alicheza karata na maseneta wenzake, baadhi yao wakulima na wafanyabiashara wa mikoani, na wengi waliomfahamu wanasema pale ndipo walipoacha kumwona kama mwalimu wa chuo mwenye majivuno.

Kwa miaka sita ya kwanza alikuwa upande wa wachache. Republican walishika Seneti, na Spika wao James Philip aliweza kuuzuia muswada kwenye kamati usije ukaonekana tena. Mjumbe wa upinzani mwenye muswada mzuri alikuwa na njia moja tu: amtafute Republican wa kuubeba pamoja naye.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998. Kiongozi wa Democratic, Emil Jones, aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu ya jiji, alimkabidhi Obama muswada wa maadili ambao wakongwe hawakuutaka. Hadi wakati huo mwanasiasa wa Illinois aliweza kihalali kuzitumia fedha za kampeni kwa mambo yake binafsi. Obama akishirikiana na Republican Kirk Dillard akaupitisha: zawadi nyingi kutoka kwa wenye maslahi zikapigwa marufuku, na fedha za kampeni zikazuiwa kuingia mfukoni. Waliokuwa na akiba ya zamani waliruhusiwa kuendelea kuitumia, la sivyo muswada usingepita.

Jambo lililomletea lawama zaidi baadaye ni kitufe. Mjumbe wa Springfield ana vitufe vitatu mezani: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, na cha njano kinachosema tu "nipo". Obama alibonyeza "nipo" mara 129 kati ya kura takriban 4,000, na mwaka 2008 Hillary Clinton, mpinzani wake kwenye mchujo wa urais, alimshambulia kwamba alikuwa anakwepa.

Utaratibu ndio unaoeleza. Muswada wa Illinois haupiti kwa wingi wa waliopiga kura. Unahitaji zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, yaani 30 katika Seneti. Kwa hesabu hiyo "nipo" ina uzito uleule wa "hapana", maana zote mbili hazimsogezi mtu kuelekea 30. Wajumbe huitumia kusema nia ya muswada nakubaliana nayo, maandishi yake siyakubali. Nyakati nyingine chama au kundi la wanaharakati hukubaliana kuitumia kwa pamoja ili kumkinga mjumbe mwenye uchaguzi mgumu. Lakini si zote zilikuwa na maelezo safi hivyo. Mwaka 1999 alibonyeza "nipo" kwenye muswada wa kuwapeleka vijana waliofyatua bunduki shuleni au karibu na shule kwenye mahakama za watu wazima. Mtu aliyekuwa na shaka na hekima ya sheria hiyo angeweza kusema "hapana". Hapo Clinton alikuwa na hoja.

Mwaka 2000 akajaribu kuruka ngazi, akamkabili mbunge wa taifa Bobby Rush, mwanaharakati wa zamani wa Black Panther, chama cha Weusi chenye msimamo mkali, aliyependwa sana mitaa ya kusini. Mwezi Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa. Desemba hiyohiyo Seneti ya Illinois ikapiga kura juu ya muswada wa silaha, Obama yuko Hawaii na mtoto wake mgonjwa, na muswada ukaanguka kwa kura chache. Alishindwa kwa asilimia 30 dhidi ya 61.

Mstari na bahati nasibu

Baada ya kila sensa ya miaka kumi, mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema bunge likishindwa kukubaliana, iundwe tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Wao nao wakigongana, Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa majina mawili, mmoja kutoka kila chama, na jina moja huchomolewa kwa kura ya bahati. Wenye bahati wanachora ramani yote. Mwaka 1991 waliopata walikuwa Republican, na ndiyo maana waliishika Seneti miaka kumi. Mwaka 2001 jina lililotoka lilikuwa la Democratic.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo Obama alikaa kwenye chumba kimoja Springfield, mbele ya kompyuta, pamoja na mtaalamu wa ramani wa chama. Kwenye skrini kila mtaa unaonekana na rangi ya wakazi wake na kura walizopiga. Eneo lake la zamani lilianzia Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, na kuelekea magharibi kwenye mitaa maskini. Ramani mpya ilibaki na Weusi wengi, ila ilinyooka kaskazini kando ya Ziwa Michigan, ikapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, mtaa wa matajiri. Wakili aliyewahi kuishitaki ramani ya kata alikuwa sasa ameshika kalamu. Mpaka huo ulimpa wapiga kura wapya na, lililo muhimu zaidi, wachangiaji wapya. Mimi naona ushindi wake wa mwaka 2004 ulianzia kwenye kiti kile cha mbele ya kompyuta.

Uchaguzi wa Novemba 2002 ukawapa Democratic Seneti. Januari 2003 Emil Jones akawa Spika, na Obama mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Jones mwenyewe amesimulia kwamba Obama alimwendea akamwambia sasa una uwezo wa kumfanya mtu awe seneta wa Marekani, na mtu huyo ni mimi. Miswada mingi ikaanza kupita mikononi mwa Obama, mingine ikiwa imehangaikiwa na wenzake kwa miaka. Walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki ya kunung'unika.

Neno moja kwenye sheria ya kamera

Katika miswada ile upo mmoja unaostahili kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake wakili na mwanasiasa wanafanya kazi moja.

Januari 2000 Gavana George Ryan, Republican, alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua wafungwa 12, na wengine 13 waliokuwa wakisubiri kuuawa walikuwa wameonekana kutokuwa na hatia. Baadhi ya hukumu zilisimama juu ya maungamo. Na mitaa ya kusini ya Chicago ilijua maungamo yalivyopatikana: Jon Burge, kamanda wa polisi aliyefukuzwa kazi mwaka 1993, na maofisa wake waliwatesa watuhumiwa kwa miaka, kwa umeme na kwa kuwafunika vichwa hadi wakose hewa. Kabla hajaondoka madarakani Januari 2003, Ryan aliwabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 160.

Muswada wa Obama ulitaka mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji yarekodiwe. Polisi waliupinga, waendesha mashtaka waliupinga, na gavana mpya, Rod Blagojevich, naye awali hakuutaka. Obama akawakalisha mezani polisi, waendesha mashtaka na wapinzani wa adhabu ya kifo, kikao baada ya kikao. Kwa polisi hoja yake ilikuwa kwamba kamera inamlinda ofisa mwaminifu dhidi ya shutuma za uongo na inamfunga vizuri zaidi muuaji wa kweli.

Sasa tazama maandishi. Sheria ingeweza kusema kwamba maelezo yasiyorekodiwa hayapokelewi mahakamani, basi. Polisi wasingekubali kamwe. Iliyopita inasema maelezo hayo yatachukuliwa kuwa hayapokeleki, na upande wa mashtaka unaweza kuiondoa dhana hiyo ukithibitisha, kwa uzito wa ushahidi, kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Hiyo "yatachukuliwa" ndiyo iliyobeba mapatano yote. Mzigo wa kuthibitisha umehamia kwa serikali, na bado mlango haujafungwa kabisa. Tena kurekodi kunaweza kuwa kwa picha au kwa sauti tu, inahusu mtu aliye chini ya ulinzi kwenye kituo cha polisi au mahali pengine pa kizuizi, na vituo vilipewa miaka miwili kujiandaa. Kila kimoja cha vifungu hivyo ni hofu ya mtu fulani aliyekaa mezani, ikageuzwa sentensi.

Seneti iliupitisha bila kura ya kupinga. Blagojevich aliutia saini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelifikia kwa amri za mahakama. Mwaka huohuo Obama alipitisha pia sheria inayowataka polisi waandike asili ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ubaguzi upimwe kwa takwimu.

Mtu anaweza kusema ni mapatano mno, kwamba kijana aliyefunikwa kichwa kwa mfuko wa plastiki alistahili sheria isiyo na mwanya. Nalielewa hilo. Lakini muswada mkali zaidi usingezipata kura zile, na mahojiano yangeendelea bila kamera. Ukiniuliza ni siku gani katika miaka minane ile mafunzo ya uwakili yaliwafaa waliompigia kura, nitakutajia hii kabla ya zote.

Machi 2004 alishinda mchujo wa kiti cha Washington, na Julai akahutubia Boston, bado akiwa mjumbe wa bunge la jimbo. Novemba akashinda kwa asilimia 70, akajiuzulu Springfield. Kiti cha eneo la 13 kikaenda kwa Kwame Raoul, wakili mwingine, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Cook. Raoul ndiye aliyeusimamia katika Seneti muswada wa kufuta kabisa hukumu ya kifo, uliotiwa saini na Gavana Pat Quinn tarehe 9 Machi 2011; Januari 2019 akaapishwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Sheria ya kamera nayo ilipanuliwa mwaka 2013, ikavuka kesi za mauaji na kugusa makosa mengine makubwa.